Uliugua Lini Mwisho?

Mjini kwetu Encinal Alto, mtu akikwambia dada yake amepona, humuulizi alikuwa anaumwa nini. Unamuuliza amepata wa kiume au wa kike. Kupona ni kujifungua. Na mwanamke akisema anaugua, huku anatazama pembeni na kushusha sauti, basi hana homa wala haharishi. Yuko kwenye siku zake. Neno lenyewe, hedhi, sisi tumelisikia shuleni kwa mwalimu wa baiolojia, naye alilitamka akiwa amelipa darasa mgongo, anaandika ubaoni. Nyumbani halitamkwi. Bibi yangu alizaa watoto tisa akafa hajalitamka.

Naanza na hilo kwa sababu nataka kumsimulia Dokta Otilia Barraza, na siwezi kumsimulia bila hilo neno. Nusura limuue wifi yangu.

Zahanati yake zamani ilikuwa karakana ya baba yake, fundi wa matandiko ya farasi. Wagonjwa hukaa kwenye benchi lile lile alilokuwa akikatia ngozi, lina makovu ya visu kila mahali, na mvua ikinyesha chumba kizima hunuka ngozi kuliko dawa. Ukutani kuna tandiko moja ambalo mzee alifariki hajalimaliza. Watoto wanaosubiri sindano hupandishwa juu yake wakasahau kulia. Dokta mwenyewe ni mfupi, mpana, huvaa buti mwaka mzima na hutembea akitazama chini kama mtu aliyeangusha ufunguo. Alisomea udaktari Guadalajara, akakaa huko miaka, kisha akarudi. Nilipomuuliza kwa nini alirudi, alisema Guadalajara hakuna mtu anayejua kupika maharage.

Mimi nauliza sana. Mama anasema nilizaliwa na swali mdomoni. Ila Dokta Otilia hachoki kuulizwa, na mahali pa kumuuliza ni kwa Bi Eduviges, Jumapili baada ya misa, kwenye meza ya loteria.

Kwa asiyecheza: kila mtu ana ubao wenye picha. Anayeita huchomoa kadi na kuitaja kwa fumbo, na ukiwa na picha hiyo unaiwekea harage. Mstari ukijaa, unapiga kelele umeshinda. Bi Eduviges ndiye huita siku zote, kwa sababu nyumba ni yake na mafumbo ni yake. Dokta hushindwa karibu kila Jumapili. Hata mstari wake ukijaa, huutazama kwanza, akainamisha kichwa, akakagua kila harage kama limekaa pake, na hapo mama yangu ameshapiga kelele.

"Dokta, wewe unacheza au unasali?" Bi Eduviges humwambia.

"Nahakikisha."

"Unahakikisha nini, ni harage hilo, si figo."

Siku moja nikamuuliza anajuaje mtu anaumwa nini, maana watu kumi wanaingia mle ndani na wote wanasema "tumbo". Akasukuma ubao wake mbele yangu.

"Ni hivi hivi," akasema. "Kila anachokwambia mgonjwa ni harage moja. Harage moja linaweza kukaa kwenye mbao tano. Kazi yangu ni kukumbuka hizo mbao zote tano, nisiupende mmoja kabla ya wakati. Naanza na ubao unaoua upesi, hata kama ni nadra. Nikishauondoa huo, ndipo nageukia ule wa kila siku. Watu hufanya kinyume. Wanaona maharage matatu, wanapiga kelele."

"Matatu tu?"

"Matatu tu. Ita kadi, Eduvi."

Akaendelea kunisimulia kadi zikiitwa. Kulikuwa na msichana mmoja, jina silitaji ingawa mji mzima unamjua, ambaye alikuwa anajiandaa kwa sherehe yake ya kutimiza miaka kumi na mitano. Akaacha kuugua. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mama yake akamburuta hadi zahanati kwa kiwiko, na kabla hajakaa akasema, "Dokta, mpime halafu aniambie ni mtoto wa nani." Dokta akapima. Hakukuwa na mtoto. Mama akalia kwa furaha, akataka waondoke, lakini dokta akamwambia akae. Mimba ni ubao mmoja tu. Akampapasa yule msichana shingo kutafuta tezi iliyovimba. Akamuuliza kama maziwa yanamtoka, kama kichwa kinamuuma, kama macho yanaona ukungu, kama chunusi na nywele za kidevuni zimeongezeka. Hapana, hapana, hapana. Mwisho akamuuliza jana alikula nini.

"Tango," akasema msichana.

"Na juzi?"

"Tango."

Gauni lilikuwa limenunuliwa dogo makusudi, ili apungue alitoshee. Mwili ukaona njaa imeingia, ukafunga bomba. Dokta akaandika dawa kwenye karatasi, na mama yake aliisoma mara mbili: supu ya nyama ya mbuzi, na gauni likaachiwe mishono pande zote.

"Na mimi je?" Bi Eduviges akadakia. Hapendi hadithi ipite bila yeye. "Mwambie yangu."

"Iseme mwenyewe, ni yako."

Bi Eduviges akaweka kadi chini. Alipokuwa amevuka sitini, miaka mingi tangu aache kuugua, siku moja aliona damu. Tone tu. Akatamba soko zima kwamba ujana umemrudia, atafute mume. Alipomwambia dokta, alitegemea wacheke wote wawili. Dokta hakucheka.

"Akanitazama kama polisi," Bi Eduviges akasema. "Akaniambia kwa mwanamke aliyekwisha koma, damu ni mgeni asiyealikwa, hata ikiwa tone. Lazima aulizwe katokea wapi. Nikamwambia labda nimekauka tu, shoga yangu alikauka akatoka damu. Akasema inawezekana, mara nyingi ndiyo hivyo, lakini kwanza twende hospitali ya mji mkubwa kule chini wakachukue kipande cha kizazi wakitazame. Wakakitazama. Saratani, changa kabisa, bado imelala kwenye ukuta wa kizazi. Wakakitoa kizazi chote. Na mimi hapa nawaibia kadi."

"Unatuibia kweli?" mama akauliza.

"Cheza, Amparo."

Sasa nije kwa wifi yangu.

Kaka yangu Genaro anaezeka mapaa kule Kaskazini, Texas, na kama wanaume wengi wa hapa hurudi Desemba, akakaa mpaka sikukuu ya Candelaria mwanzoni mwa Februari, kisha akaondoka tena. Mwaka juzi alirudi na mke. Anaitwa Nieves, maana yake theluji, na ametoka Tampico, bandarini, ambako nguo za kufuliwa hukauka kabla hujamaliza kuzianika. Kaja kuolewa huku mlimani kwenye baridi ya kuvunja mitungi. Tulimtania sana kwa hilo jina.

Watu wa bandarini husema mambo yalivyo. Wiki yake ya kwanza nyumbani alimuuliza mama, mezani, mbele ya baba, pedi zinauzwa duka gani. Baba akainuka kwenda kulisha kuku. Kuku walikuwa wameshakula.

Hakuna aliyemweleza Nieves kuhusu kuugua na kupona. Nimefikiri sana kwa nini. Nadhani ni kwa sababu ukitaka kulieleza neno hilo ni lazima ulitaje lile jingine.

Machi baridi ilirudi kama iliyosahau kitu, na Nieves akashikwa na mafua mabaya. Mama akamchemshia maua ya gordolobo na asali. Akapona, namaanisha akapona kweli. Wiki iliyofuata akaanza kushika tumbo chini, upande wa kulia. Alhamisi akaenda kwa Dokta Otilia. Mazungumzo yao nimeyapata kwa wote wawili, na yanafanana neno kwa neno, maana kila mmoja ameyarudia kichwani mara nyingi.

"Uliugua lini mwisho?" dokta alimuuliza huku ananawa mikono.

"Wiki iliyopita."

"Siku ngapi?"

"Nne. Ya tano niliamka."

"Kama kawaida yako?"

"Kama kawaida. Tangu nihamie huku, baridi ikikaza tu, lazima inikamate."

Dokta akaitikia kwa kichwa. Wanawake wote wa Encinal Alto wanaamini kwamba kukanyaga sakafu ya baridi huharibu siku hizo, kwa hiyo hata baridi ilikaa vizuri mahali pake. Mtu angepanga majibu makusudi yasingeingiliana namna ile.

Akamlaza, akampapasa tumbo. Akafikiria kidole tumbo: lakini hana homa, asubuhi amekula tortilla tatu, na alipoambiwa aruke kwa mguu mmoja hakukunja uso. Akafikiria jiwe la figo: maumivu hayaendi mgongoni wala hayaji kwa mawimbi. Maambukizi ya kizazi: hana uchafu wenye harufu. Uvimbe wa maji kwenye ovari: huenda, mdogo. Akachovya kijiti kwenye mkojo, kikaonyesha usaha kidogo. Basi, maambukizi ya njia ya mkojo, ugonjwa wa kila siku. Mstari ukajaa.

Dokta ana sheria yake moja ambayo hata mimi naijua: mwanamke yeyote anayeweza kushika mimba, mhesabu anayo mpaka kipimo kikatae. Vipimo vilikuwa kwenye droo, na droo ilikuwa karibu na goti lake. Lakini mgonjwa ameshasema aliugua wiki iliyopita, kama kawaida, siku nne. Hakuifungua.

Akampa vidonge, akamwambia arudi Jumatatu. "Ila ukizidiwa, ukisikia kizunguzungu, au bega likikuuma, usingoje Jumatatu."

"Bega?"

"Bega. Njoo tu."

Nieves alituambia hilo usiku mezani, akicheka. Alidhani ni utani wa huku mlimani.

Jumapili alisema ana nafuu kidogo, tumwache alale. Mimi na mama tukaenda kwa Bi Eduviges. Nakumbuka ubao wa dokta ulikuwa umeendelea vizuri siku hiyo, umebakiza picha moja tu, na Bi Eduviges alikuwa anachelewesha kadi makusudi.

"Na yule mkwe wako, hajambo?" akamuuliza mama, kadi ikiwa hewani.

"Kalala. Yule mtoto wa bandarini hapatani na baridi yetu hata kidogo. Juzi juzi kifua, nimechemsha gordolobo mpaka nyumba inanuka duka la dawa. Hakijakaa sawa kifua, tumbo."

"Kifua?" dokta akasema.

"Kifua, mafua, kikohozi cha kuamsha jirani. Siku nne kitandani, ya tano akaamka."

Dokta alikuwa ameshika harage kati ya vidole viwili. Halikwenda popote.

"Hiyo ni wiki ile kabla hajaja kwangu."

"Hiyo hiyo. Hakukwambia?"

"Aliniambia," dokta akasema. Kisha, taratibu, "Amparo, na kuugua kwingine?"

Mama akanitazama mimi. "Mtoto yupo hapa."

"Mtoto ana miaka kumi na sita na anaugua kama sisi tulivyougua. Nijibu."

Mama akaanza kupanga maharage yake ambayo yalikuwa yameshapangika. "Mimi ndiye ninayetoa taka za chooni," akasema. "Tangu kabla ya Candelaria sijaona kitu. Nilijua. Nilikuwa nangoja aniambie mwenyewe. Habari kama hiyo humnyang'anyi mtu."

Dokta akainuka. Buti lake liligonga meza na maharage yake yote yakamwagika sakafuni. Bi Eduviges aliweka kadi chini kifudifudi, na sikuwa nimewahi kumwona akikatisha mchezo.

"Nenda," akamwambia. "Nenda, nenda."

Sisi tunakaa mtaa wa nyuma. Dokta alipitia zahanati kuchukua mkoba, na bado alitufikia mlangoni. Kwenye ukumbi baba alikuwa anarekebisha redio. Nieves alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, uso umempauka kama unga, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika bega la kulia.

"Nimelilalia vibaya," akasema.

Dokta akapiga magoti mbele yake. Akashika kifundo cha mkono kuhesabu mapigo, akamvuta kope la chini kuangalia rangi. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida, sauti ya kuulizia bei ya nyanya, "Nieves, hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini?"

Redio ukumbini ilinyamaza. Ndani ya nyumba yetu neno hilo lilikuwa halijawahi kusemwa.

"Januari. Mwanzoni. Nilidhani ni baridi imeichelewesha, au ni kumkumbuka Genaro."

"Mbona Alhamisi hukuniambia?"

"Hukuniuliza, dokta. Uliniuliza niliugua lini."

Nilimwona dokta anafumba macho kidogo na kuyafumbua, akatoa kipimo. Mistari miwili ikatokea mapema kuliko nilivyotegemea. Mama alijiwekea mkono mdomoni. Furaha na hofu zilimjia kwa pamoja, na hakujua aonyeshe ipi.

"Mimba ipo, lakini nafikiri imetunga nje ya kizazi," dokta akamwambia Nieves, akimtazama yeye, si mama. "Kwenye mrija. Mrija hauwezi kutanuka, unapasuka, na nadhani umeshaanza kuvuja. Tunaondoka sasa hivi. Hii mimba haiokoki. Wewe unaokoka, kama hatupotezi muda."

"Sawa," Nieves akasema. Kisha akasema, "Nani atamwambia Genaro?"

"Utamwambia wewe mwenyewe, ukiamka."

Bwana Fermín, jirani yetu muuza jibini, alishusha makasha yake yote barabarani ili waingie kwenye pikapu. Dokta alimtundikia Nieves chupa ya maji ya mshipani kwenye ndoano ya rozari, juu ya kioo, na akapanda akiwa anaongea na hospitali kwenye simu. Nilisikia akisema andaeni damu na chumba cha upasuaji. Mama akakaa kiti cha nyuma amempakata kichwa. Kutoka kwetu mpaka mji mkubwa ni kushuka tu, kona baada ya kona, na Bwana Fermín, ambaye huendesha kwa kuogopea jibini lisivunjike, siku hiyo hakuogopa.

Nikabaki na baba. Tuliyaingiza makasha ya jibini kivulini bila kuambiana. Kisha tukakaa ukumbini, redio ikiwa imefunguliwa matumbo mezani. Jua likapita kutoka ukuta huu hadi ule. Nilimwona baba anasogeza midomo, nikadhani anasali.

"Hedhi," akasema, polepole, kama mtu anayeonja chakula cha ugenini. Akatikisa kichwa. "Neno dogo hivyo."

Simu ilipolia alinipa mimi nipokee. Alikuwa mama. Nieves ametoka chumba cha upasuaji. Tumboni kulikuwa na damu nyingi, wameondoa mrija mmoja, wamemwongezea damu, amefumbua macho na kuuliza kama Genaro ameshapiga. Baba alisikia yote kwa kuwa mama hajui kuongea taratibu kwenye simu. Akaenda kulisha kuku, na alikaa huko mpaka jua likazama.

Aliporudi nyumbani, Nieves alilala sana na kulia kidogo, zaidi asubuhi. Genaro alipiga kila siku akitoka juu ya mapaa, na mara nyingine hawakuongea, walisikilizana tu. Walikuwa wanamtaka mtoto. Lile la kwamba mama alijua kabla yao, na alikuwa anangoja kwa adabu, Nieves hakulisema kwa ubaya hata mara moja, lakini mama alilisema mwenyewe mara nyingi jikoni, akisugua sufuria zilizokuwa safi.

Dokta Otilia alikuja siku ya tatu. Hakuketi alipokaribishwa. Alisimama miguuni pa kitanda.

"Nimekuja kukwambia kwamba kosa ni langu," akasema. "Si la neno. Neno limesaidia tu. Nina sheria ya kupima kwanza, na sikupima, kwa sababu majibu yako yalinipendeza."

"Ningejua maneno yenu ningejibu vizuri."

"Ulijibu ulichoulizwa."

Nieves akafikiri. "Na lile bega? Nilidhani unanitania."

"Damu ikimwagika tumboni inapanda mpaka chini ya mapafu, inachokoza kile kiwambo cha kupumulia. Mshipa wa fahamu wa kiwambo hicho unatokea shingoni, kwa hiyo kichwa chako kinadanganyika, kinasikia ni bega."

"Kwa hiyo hata mwili una maneno yake ya kuficha," Nieves akasema.

Hapo dokta akaketi. Akamwambia mrija mmoja umebaki, mzima, na wanawake wengi wamezaa na mmoja. Ila safari nyingine siku zikichelewa hata kidogo aje mara moja, asingoje chochote, maana iliyotunga nje mara moja inaweza kurudia. Alisema hayo bila kuyapamba. Nieves akauliza maswali mengi kuliko mimi.

Nilimsindikiza dokta mpaka kona. Nikamuuliza kitu kilichokuwa kinanikera: daktari mgeni, asiyejua kwetu, asingeliuliza kwa neno la kitabuni na kupata jibu?

"Angepata jibu la Nieves," akasema. "La mama yako asingelipata. Wanawake wa hapa hunieleza mambo kwa sababu nauliza kama mama zao walivyouliza. Nimelitegemea hilo neno miaka yote. Kwa hilo nimegundua magonjwa ambayo hospitali wasingeyasikia." Alitembea akitazama chini, kwa namna yake. "Nilisahau tu kwamba kuna watu hawakuzaliwa nalo."

"Sasa utaliacha?"

"Nitauliza mara mbili. La kwetu, halafu la kitabuni. Na droo ya vipimo nitaifungua hata majibu yakinipendeza."

Akafanya hivyo. Wiki za kwanza ilikuwa vurugu. Mlango wa zahanati ni wa mbao nyembamba na sauti ya dokta ni ya kuita ng'ombe, hivyo neno lilikuwa linatoka hadi kwenye benchi. Wanaume wakawa wanakumbuka wana shughuli nje. Mwanamke mmoja alijifunika shali usoni akajibu kutoka ndani ya shali. Mlinda kanisa alilalamika kwamba hata alipokwenda kupimwa presha alisikia mambo. Vijana wakampa dokta jina, Bi Mara-Mbili, na anajua, na hajali.

Mei hivi, Nieves alikwenda kuangaliwa kovu, nikafuatana naye. Tulikaa kwenye benchi la kukatia ngozi, mtoto mmoja yuko juu ya tandiko anampiga farasi asiyekuwepo. Tangu Machi Nieves alikuwa hajacheka, namaanisha kucheka kwenyewe, kule kwa bandarini kulikokuwa kunamfukuza baba mezani. Ndani alikuwa ameingia Bi Eduviges na sikio lake linalouma.

Tukamsikia dokta: "Uliugua lini mwisho?"

"Ni sikio, Otilia."

"Nasikia. Nauliza wote, nisije nikachagua. Hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini?"

Hata mtoto wa kwenye tandiko alisimamisha farasi.

"Dokta," ikaja sauti ya Bi Eduviges, yenye subira kubwa, "kizazi changu ulikipeleka mjini wewe mwenyewe na hakikurudi. Kama umeanza kukitafuta huku sikioni, basi ndiyo maana linauma."

Nieves akainama, mkono mmoja umeshika kovu, mwingine umeshika goti langu, na akacheka mpaka machozi yakamtoka, akisema aache, aache, kovu, lakini hakuna aliyekuwa anamchekesha tena, Bi Eduviges alikuwa ameshanyamaza. Mlango ukafunguliwa. Dokta Otilia akasimama pale na kifaa cha kutazamia sikio mkononi, akamtazama Nieves kwanza, kwa muda mrefu, kama anavyotazama mstari uliojaa.

"Nieves," akasema, "ukimaliza, ni zamu yako. Na unajua nitakuuliza nini."

"Yote mawili," Nieves akasema, akijifuta macho. "La kwanza, mafua, Machi. La pili, Jumanne."